Mwanafunzi wa Miaka 41

Baada ya sala ya Alasiri, siku ya Alhamisi, alitujia barazani mtu mmoja tuliyepata kumsomesha zamani, akatuamkia kwa adabu kama alivyokuwa akituamkia alipokuwa mtoto, kisha akakaa kimya muda mrefu. Mtu huyu ni dereva. Gari lake ni la kukodiwa, hubeba nazi na dagaa kutoka shamba mpaka bandarini Kilindoni, na siku nyingine hubeba abiria kwenda Kirongwe na Bweni. Ana mke na watoto wanne. Mwishowe akasema: "Maalim, nimekuja unifanyie kombe. Nataka kufanya mtihani."

Tukamwuliza, mtihani gani tena, nawe umri huu? Akatueleza kuwa halmashauri na ofisi za Serikali huhitaji madereva, na kazi hizo zina mshahara wa kila mwezi, na matibabu ya bima, na kiinua mgongo mtu akistaafu. Leseni anayo, mafunzo ya udereva ameyapata, na kazi ameifanya miaka kumi na tisa bila ya kumgonga mtu wala mbuzi. Kinachomzuia ni kitu kimoja, nacho ni cheti cha kidato cha nne. Yeye aliishia darasa la saba, kama tulivyoishia sisi.

Hatutaki kuingia hapa katika hitilafu za wanavyuoni juu ya kombe, kwani jambo hilo lina mahali pake. Lakini tulimwuliza swali moja: "Daftari lako liko wapi?" Akacheka kwa haya. Daftari hakuwa nalo. Basi tukamwambia kuwa dua tutamwombea, na tutaendelea kumwombea, lakini zafarani yetu hatutaimimina juu ya sahani kwa ajili ya mtu ambaye hajanunua daftari.

Yafaa wasomaji wetu, hasa vijana, wafahamu asili ya jambo hili, kwa kuwa wengi husikia kijuujuu tu. Zamani mtu wa darasa la saba aliweza kuajiriwa Serikalini akawa dereva, mlinzi, mhudumu au mtendaji wa kijiji. Tangu tarehe 20 Mei 2004 sharti likawa ni kidato cha nne. Watu wengi hawakuijua tarehe hiyo mpaka ilipowafika shingoni. Mwaka 2017 vyeti vya watumishi vilikaguliwa nchi nzima, na mwezi wa Aprili mwaka huo Rais Magufuli alipokea taarifa yenye majina ya watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi, akaamuru waondoke kazini. Katika msukosuko huo wakaondolewa pia watu wa darasa la saba ambao hawakughushi kitu. Mwaka uliofuata, 2018, ikaamriwa kuwa walioajiriwa kabla ya ile tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe. Waliokuja baada yake sharti liliwakamata.

Sasa sikilizeni alilotuambia mtu wetu baada ya hayo, kwani hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu mwezi huu. Alisema kuwa jamaa mmoja alimshauri kwa siri asijisumbue. Katika ukoo wao alikuwako kijana aliyemaliza kidato cha nne, akafariki dunia, na cheti chake kimo sandukuni kwa mama yake. Majina ya ukoo ni mamoja; ni jina la kwanza tu la kubadilishwa. "Atumie hicho," wakamwambia, "marehemu hakihitaji tena."

Tulinyamaza kidogo, maana twajua kuwa jambo hili limefanywa na watu wanaosali safu ya mbele. Halafu tukamwambia yale tuliyoyaona ni haki kumwambia. Mshahara si wa siku moja. Ukiingia kwa jina la maiti, basi kila mwisho wa mwezi utatia saini kwa uwongo, na kila mwisho wa mwezi utawalisha wanao kwa uwongo ule, miaka kumi na mitano mpaka ustaafu. Watoto wako shuleni watakuwa na jina la baba ambaye kazini haitwi hivyo. Ukifa, mjane wako atakwenda kudai haki yake, aulizwe: huyu marehemu wako alikufa mara ngapi? Na juu ya yote hayo, mlinzi wa mali ya umma ameaminiwa amana ya watu wote, na wewe ungeipokea amana kwa mkono wa hiana. Hatukumwambia habari ya jela, ingawa nayo ipo, kwa kuwa tulitaka aache kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu kabla ya kumwogopa askari.

Akasema: "Nimekwisha kataa, Maalim. Ndiyo maana nikaja kutaka kombe." Tukaona haya nafsini mwetu kwa kumhutubia mtu aliyekuwa ameshinda jihadi yake kabla hajafika barazani petu.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa ni aibu. Darasa la jioni analotaka kuingia lina vijana wa miaka 18 na 20, na mmoja wao ni utingo wake mwenyewe katika gari. Atakaaje dawati moja na utingo wake? Na watu wa kijijini watasema nini?

Tukamhadithia habari za Imam al-Qaffal wa Marw, ambaye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi. Huyu alikuwa fundi wa makufuli, na jina lake hilo maana yake ni mtengeneza makufuli. Alikuwa hodari mno katika kazi yake, mikono yake ikifanya makufuli madogo ya kustaajabisha. Inasimuliwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 30 hivi alipoanza kusoma fiqhi, umri ambao wenziwe walikuwa tayari wanafundisha. Alifariki mwaka 417 wa Hijra akiwa mzee wa miaka 90, na fatwa zake zimejaa katika vitabu vya madhehebu. Na kabla yake, Imam Bukhari katika mlango wa elimu amekumbusha kuwa Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walijifunza nao ni watu wazima. Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar hawakuanzia chuoni na juzuu ya Amma begani kama wanafunzi wetu.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu akisikiliza alitukatiza. Akasema mifano hiyo ni ya elimu ya dini, na huyu anatafuta elimu ya dunia, tena kwa ajili ya mshahara. Mzee huyo twamheshimu, na neno lake si la kupuuzwa. Lakini twasema kuwa baada ya vita vya Badr, wako mateka waliokuwa hawana mali ya kujikomboa, na wapokezi wa habari wamesema kuwa walipewa uhuru kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Waalimu hao walikuwa washirikina, na walilolifundisha ni herufi tu, wala Mtume (s.a.w.) hakuona tabu juu ya hilo. Na mtu kuwatafutia riziki ya halali watoto wanne ni wajibu wake. Kama kuandika hesabu za kugawa ndiko njia ya kuifikia riziki hiyo, basi sisi hatuoni kwa nini tuidharau hesabu ya kugawa. Mzee hakuridhika sana. Alisema tutazungumza siku nyingine.

Kwetu Mafia, jambo la mtu mzima kushika kalamu si geni hata kidogo, ila limesahauliwa. Mwaka 1970 ulifanywa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima nchini Tanzania, na mwisho wake zikatajwa wilaya sita zitakazofuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya kwisha mwaka 1971: Kilimanjaro, Upare, Tanga, Masasi, Ukerewe, na Mafia. Kisiwa chetu hiki kidogo kilisimamishwa safu moja na Kilimanjaro! Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa katika watu waliokwenda kisomoni chini ya mwembe, nasi tukiwa katika mbeleko mgongoni mwake. Akitusimulia kuwa mwalimu wao alikuwa kijana mdogo, na kwamba siku ya kwanza wanawake walifunika nyuso zao kwa kanga kwa kicheko.

Na hapa tuna neno dogo la kusema, japo liko nje kidogo ya safari yetu. Wengi katika wale walioandikwa kuwa hawajui kusoma walikuwa wamehitimu Kurani, na wengine wakiandika barua kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Babu yetu aliweka hesabu zake za nazi kwa herufi hizo. Alipoulizwa na mwandikishaji, "Wajua kusoma?" alijibu, "Si kusoma kwenu." Akaandikwa mjinga.

Turudi kwa mtu wetu. Njia iliyo mbele yake si ya gizani. Mtu wa darasa la saba ambaye hakusoma sekondari hufanya kwanza mtihani wa maarifa, ambao watu wameuzoea kwa jina la QT. Akifaulu, ndipo hupata ruhusa ya kujiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yote mawili ni mitihani ya Baraza la Mitihani la Taifa, na hufanywa mwezi wa Novemba. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, inao utaratibu wa kuwasomesha watu kama hawa.

Tulikaa naye tukapiga hesabu kwa vidole, na hesabu hiyo ndiyo iliyotutia wasiwasi. Matangazo ya kazi za Serikali husema kuwa mwombaji asizidi umri wa miaka 45, isipokuwa aliyekwisha kuwamo kazini. Yeye ana 41. Mtihani wa maarifa Novemba hii. Akifaulu, asome miaka miwili huku akiendesha gari, aingie kidato cha nne akiwa na 43. Matokeo yatoke Januari. Hapo atakuwa amebakiwa na mwaka mmoja na kitu wa kuomba, na kazi ya dereva huombwa na watu wengi, kisha huja usaili wa kuandika na usaili wa vitendo. Akishindwa mara moja tu njiani, mlango umefungwa. Tulimwambia hayo waziwazi, kwa sababu si uungwana kumpa mtu moyo kwa kumficha hesabu.

Alifikiri, akasema: "Nikishindwa, nitakuwa na 45 na cheti. Nisiposoma, nitakuwa na 45 bila ya cheti." Hatukuwa na la kuongeza.

Lakini mkewe alikuwa nalo. Alikuja kwetu siku ya pili pamoja na mama mkwe wake, akasema kuwa hapingi kusoma, ila ada ya kujiandikisha itatoka wapi, na sare za watoto bado hazijanunuliwa? Na mume akitoka garini magharibi, akienda darasani mpaka saa tatu, watoto watamwona lini? Twasema kuwa bibi huyu alikuwa na haki. Salman al-Farisi alipomwona nduguye Abu Dardaa amezama katika ibada na kumwacha mkewe, alimkumbusha kuwa jamaa yake ana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuila haki ya mke, mtihani wa Novemba hauwezi kuila. Wakapatana mbele yetu: sare kwanza, ada italipwa kwa fedha za nazi za msimu, na usiku wa Alhamisi na Ijumaa hakuna darasa, ni wa nyumbani.

Jambo moja hatukulitazamia. Binti yake mkubwa yuko kidato cha pili, na sasa yeye ndiye anayemsomesha baba yake hesabu na Kiingereza. Tulipita nyumbani kwao usiku mmoja tukamkuta mtoto ameshika kalamu, akisema kwa sauti ya chini, macho yametazama mkeka: "Baba, samahani, hapa umesahau kubeba moja." Naye baba akijibu, "Ewallah, mwanangu," akifuta. Wako watakaosema kuwa heshima ya baba imepungua. Sisi hatukuiona imepungua. Tuliona binti ambaye hataacha shule kwa wepesi.

Siku nyingine alituletea sisi swali la Kiingereza, akitazamia tulijue kwa kuwa ni waalimu wake. Tulilitazama kwa miwani na bila ya miwani, tukakiri kuwa hatulijui. Basi tumemwomba mwalimu wa sekondari, kijana aliyesoma Kurani kwetu, atusaidie, naye amekubali bila ya malipo. Tangu mwezi uliopita chumba cha madrasa, wanapokwisha ondoka watoto, huwashwa taa tena baada ya Isha kwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Wamekwisha fika watu saba: wavuvi wawili, mama mmoja mpishi wa shule, na wengineo, na yule utingo amehamia huku pia, anakaa nyuma ya tajiri wake. Sisi tunakaa mkekani pamoja nao, kwenye Kiingereza. Mwenye kutaka kuja na aje na daftari lake, na wanawake wana upande wao na mlango wao.