Namba 1,344 za Mtoto Mmoja

Mwezi huu safu yetu inajibu barua ya mama mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba. Binti yake wa miaka 11 ana kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili umeacha kutengeneza insulini, hivyo mtoto huishi kwa sindano za asubuhi na jioni. Shangazi wa mtoto anayeishi Sweden alipokuja likizo alimletea kihisi cha sukari pamoja na simu ya kukisomea. Ni kidude cha duara kinachokaribia ukubwa wa kifuniko cha soda, kinachobandikwa nyuma ya mkono wa juu na kukaa hapo wiki mbili. Mama anasema tangu kije hajapata usingizi. Namba ikipanda anaongeza sindano, ikishuka anafungua soda, na baba wa mtoto ameanza kusema kiondolewe, maana nyumba nzima imekosa amani.

Tuanze na lile lisiloweza kungoja. Mama, acha kuongeza sindano kwa kila namba unayoiona. Insulini ya kawaida inayotumika katika hospitali zetu nyingi huanza kazi baada ya nusu saa hivi, na huendelea kushusha sukari kwa saa tano hadi nane. Ukichoma saa moja jioni, ukaongeza saa tatu kwa sababu mshale bado unatazama juu, kisha ukaongeza tena saa nne, dozi zote tatu zitakuwa kazini usiku wa manane, mtoto akiwa amelala na wewe umechoka. Nyongeza ni ile tu aliyokuandikia daktari, kwa masharti aliyokupa.

Sasa tuzitazame namba zenyewe. Kihisi hakipimi damu. Uzi wake mwembamba huingia chini ya ngozi kwenye majimaji yaliyo kati ya chembe hai za mwili. Hapo kimeng'enya hukutana na sukari, mkondo mdogo mno wa umeme hutokea, na kifaa hupiga hesabu kutokana na mkondo huo hadi kupata namba unayoiona. Sukari ya kwenye majimaji hayo huifuata ya kwenye damu kwa kuchelewa dakika kadhaa, pengine hata kumi. Mtoto akiwa ametulia tofauti ni ndogo, lakini sukari inapokimbia kwenda juu au chini tofauti huonekana. Ndiyo sababu ukimpa soda kwa kushuka, kihisi kinaweza kuendelea kuonyesha imeshuka wakati damu imekwisha kupanda, nawe unafungua soda ya pili. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji vinamtosha mtoto wa umri huo. Ngoja dakika 15, kisha mpime kwa kidole. (Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.)

Kuna namba nyingine za uongo ambazo ni vema uzijue. Saa za mwanzo baada ya kubandika, kihisi huwa bado hakijatulia. Na mtoto akiulalia mkono ule, majimaji husukumwa pembeni, namba huporomoka ghafla, kisha hurudi juu mara akigeuka. Mama asiyejua hili humwamsha mtoto na kumnywesha sukari bila sababu. Tena tazama saa ya simu. Simu iliyotoka Sweden na kuachwa kwenye saa za huko iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili, kulingana na majira ya mwaka, na kila kitu kwenye ripoti kitakaa mahali pasipo pake. Ripoti hizo huandikwa kwa saa za kizungu: 02:00 ni saa nane usiku, 21:00 ni saa tatu usiku. Wenye ndugu Marekani nao wajue kwamba huko hutumia miligramu kwa desilita, wakati kliniki zetu husema milimoli kwa lita. Namba ya Marekani igawanye kwa 18. Ukiona 54 usifikirie sukari imepanda kupita kiasi, maana hiyo ni 3.0, nayo ni hatari upande wa chini.

Kihisi cha aina aliyo nayo binti huyu huweka kumbukumbu moja kila robo saa. Ni 96 kwa siku, na kwa siku 14 ni 1,344. Kwa kuchoma kidole mara tatu kwa siku angepata 42. Hakuna mzazi anayeweza kuzijibu namba 1,344 moja moja, wala hazikukusudiwa kutumika hivyo. Kipo hata kihisi cha hospitali ambacho mgonjwa haonyeshwi namba kabisa: anakivaa siku 14, anakirudisha, na daktari ndiye anayezisoma zote kwa pamoja.

Zinasomwaje kwa pamoja? Hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyoonekana kwenye kioo cha simu. Siku zote 14 hulazwa moja juu ya nyingine kwenye karatasi moja yenye saa 24, kana kwamba ni siku moja. Kisha kwa kila saa namba hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na ile ya katikati huchaguliwa. Namba hizo za katikati zikiunganishwa hufanya mstari mzito kwenye mchoro. Kivuli kilicho kandokando ya mstari kinaonyesha jinsi siku zinavyotofautiana: kivuli chembamba maana yake saa hiyo mtoto ni yuleyule kila siku, kipana maana yake kila siku ina mambo yake. Mtindo huu ulitangazwa Marekani mwaka 1987 na Roger Mazze na wenzake, na jambo linalonifurahisha ni kwamba wakati huo vihisi hivi havikuwapo. Waliufanya kwa namba za watu waliojichoma vidole.

Mwaka 2019 wataalamu wa mataifa mbalimbali walikubaliana juu ya malengo kwa watu wengi wenye kisukari. Sukari iwe kati ya 3.9 na 10.0 kwa asilimia 70 ya muda, yaani karibu saa 17 katika 24. Iwe chini ya 3.9 kwa muda usiofika asilimia 4, ambayo ni kama saa moja, na chini ya 3.0 isifike asilimia 1, ambayo ni kama robo saa. Angalia wapi wamebana zaidi. Saa kadhaa za kuwa juu zinavumiliwa wakati mambo yanarekebishwa, lakini za kuwa chini hupimwa kwa dakika. Kwa mama mjamzito mipaka ni mingine, tena ni midogo zaidi. Na ili ripoti iaminike, kihisi kiwe kimekusanya angalau asilimia 70 ya namba za siku hizo 14. Aina hii ya kuchanganua kwa simu hukumbuka saa nane tu zilizopita, hivyo ukikaa muda mrefu zaidi bila kukichanganua, za mwanzo zinapotea. Simu iwe na chaji usiku, hasa umeme unapokatika.

Mama wa Kamachumu alitutumia picha ya ripoti ya siku zake za mwanzo. Yeye alitaka tutazame ule mlima wa saa tatu usiku baada ya ndizi na maharage, ndio unaomnyima usingizi. Kwa maoni yangu mlima ule unaweza kungojea siku ya kliniki. Kinachonitia hofu ni bonde la saa nane usiku, ambako mstari wa katikati umeshuka chini ya 3.9 na kivuli ni chembamba. Bonde hilo halikuletwa na kulalia mkono, kwa kuwa kulalia mkono hakurudii saa ileile kila usiku. Anaandika pia, kama jambo la pembeni tu, kwamba mtoto huamka amelowa jasho na kupiga kelele, na bibi yake anasema ni majinamizi. Sindano ya jioni ya mchanganyiko ina sehemu inayofanya kazi polepole na kupata nguvu nyingi saa kadhaa baadaye, yaani usiku. Nyongeza za mama zimelichimba bonde hilo zaidi, lakini jasho, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwapo kabla ya kihisi kuja.

Kwa hiyo, baba, kisiondolewe. Kiacheni kimalize siku zake, mama akiwa haongezi sindano, ili karatasi imwonyeshe daktari dozi ile ile iliyoandikwa inafanya nini. Ila bonde hilo lisingoje siku 14: ipelekeni picha hiyo kliniki wiki hii, maana dozi ya jioni na chakula cha kabla ya kulala vina haja ya kuzungumzwa na anayemtibu. Wala msiirushe kwenye kundi la simu la ukoo au la akina mama, kwa kuwa binti wa miaka 11 anaona haya kama mtu mzima.

Kihisi kikibanduka hakuna kingine kinachomngojea, na hilo ndilo swali kubwa zaidi kwa wengi wetu. Watoto wa Kenya na Uganda wamewahi kuvalishwa vihisi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, lakini katika kliniki zetu za kawaida mtoto hutegemea kipima sukari cha kidole na stripu chache. Basi chukua daftari la mistari, ulipige safu tano: kabla ya chai, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha jioni, wakati wa kulala, na saa nane usiku. Kila mstari uwe siku moja. Kama una stripu mbili tu kwa siku, usizimalize kila siku kwenye safu zile zile. Leo asubuhi na kulala, kesho mchana na saa nane usiku. Daktari akikupa ratiba yake, fuata hiyo. Halafu soma safu kwa kushuka chini, wala usisome kwa kuvuka.

Tuseme safu ya saa nane usiku ina namba saba: 5.1, 3.4, 3.6, 12.0, 3.8, 3.2 na 4.0. Ukizijumlisha na kugawanya kwa saba unapata 5.0, na mtu atakupongeza. Zipange kuanzia ndogo: 3.2, 3.4, 3.6, 3.8, 4.0, 5.1, 12.0. Ya katikati ni 3.8, na usiku nne kati ya saba mtoto alikuwa chini ya mpaka. Ile 12.0 ni ya siku ya harusi, alipokunywa soda mbili, nayo peke yake ndiyo iliyoficha zile nne. Kwa sababu hiyo kando ya namba andika neno moja au mawili: harusi, mpira, malaria, alichota maji mara tatu, alikataa kula. Na siku ya kliniki, kwa kuwa foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, mkabidhi daftari likiwa limefunguliwa kwenye safu ya usiku.