Msomali Kafanya Yake, Mwenyeji Je?

Hakuna neno linalosemwa kwa urahisi kuhusu Wasomali walioko Ulaya ya Kaskazini kama hili: hawataki kuchangamana na wenyeji. Linasemwa bungeni Copenhagen, linasemwa kwenye televisheni za Stockholm, na linasemwa pia Nairobi na Dar es Salaam na watu ambao hawajawahi kukanyaga huko. Nyuma yake imejificha imani kubwa zaidi, ambayo hata watu wenye nia njema wanaishika: kwamba utangamano ni deni la mgeni. Ajifunze lugha, asome, afuate sheria, apunguze kukaa na watu wa kwao, halafu milango itafunguka yenyewe. Isipofunguka, basi kuna mahali amezembea.

Imani hiyo ni ya uongo. Nalisema hilo bila kupepesa macho, kwa sababu kuna mtu aliyekwenda kuipima.

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Akhlaq Ahmad, aliwatumia waajiri wa Ufini maombi ya kazi 5,000. Waombaji wote walikuwa wa kubuni. Elimu yao ililingana, uzoefu ulilingana, na barua ziliandikwa kwa Kifini kisichokuwa na dosari. Kilichotofautiana ni jina lililo juu ya karatasi. Maombi 1,000 yalibeba majina ya Kifini, 1,000 ya Kiingereza, 1,000 ya Kirusi, 1,000 ya Kiiraki, na 1,000 ya Kisomali. Wenye majina ya Kifini waliitwa kwenye usaili mara 390. Wenye ya Kiingereza 269, wenye ya Kirusi 228, wenye ya Kiiraki 134. Wenye majina ya Kisomali waliitwa mara 99.

Tulia kidogo na hesabu hiyo. Aliyefungua barua pepe hakuona hijabu. Hakusikia lafudhi, hakujua mwombaji anasali wapi wala anakaa na nani. Alichokiona ni mtu aliyetimiza kila sharti la utangamano, tena kwa lugha ambayo wageni wengi huiona ngumu kupita kiasi, na kazi zenyewe zilikuwa za kawaida, za madukani na migahawani. Akasoma jina, akaendelea na barua inayofuata. Hivyo mara 901. Anayetaka kuniambia kwamba kijana Msomali wa Helsinki hapati kazi kwa sababu hajajitahidi, anieleze kwanza hao 901 walizembea wapi.

Wala jambo hili halikuanza jana. Wasomali wa mwanzo waliingia Ufini kwa wingi kati ya 1990 na 1991, wengi kwa treni kupitia Muungano wa Kisovieti, na baadhi yao walikuwa wanafunzi katika vyuo vya huko huko Usovieti. Wakati ule ule uchumi wa Ufini ulikuwa unaporomoka. Katika miaka michache ukosefu wa ajira ulipanda kutoka karibu asilimia 3 hadi zaidi ya asilimia 16. Wageni wachache, weusi, Waislamu, wamefika wakati viwanda vinafungwa. Wakabebeshwa lawama ya balaa ambalo hawakulileta. Katika mji wa Joensuu, mashariki mwa nchi, magenge ya vijana walionyoa vipara yakawa yakiwawinda wageni mitaani, na Wasomali walikuwa miongoni mwa waliopigwa. Mwaka 2018, karibu kizazi kizima baadaye, Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya lilipowauliza watu weusi katika nchi 12, Ufini ndiyo iliyoongoza: asilimia 63 walisema wamebughudhiwa kwa sababu ya rangi au asili yao katika miaka mitano iliyotangulia. Watoto waliozaliwa Helsinki, wanaoota ndoto kwa Kifini, wamo katika hesabu hiyo.

Ukifika hapa, wenye imani ile hukutajia majina. Nami nayajua majina hayo na nawaheshimu wenyewe. Suldaan Said Ahmed, mzaliwa wa Somalia wa 1993, alifika Ufini 2008 na kufikia 2021 alikuwa ameketi bungeni, wa kwanza mzaliwa wa Somalia kuingia bunge hilo. Leila Ali Elmi wa Angered, kitongoji cha Gothenburg, aliwekwa chini sana katika orodha ya chama chake mwaka 2018; wapiga kura wakaweka alama kwenye jina lake hadi akawapita waliomtangulia na kuingia bunge la Uswidi. Marian Hussein, aliyefika Norwei akiwa mtoto, aliingia bunge la nchi hiyo 2021 akiwa na hijabu yake, na 2023 akachaguliwa naibu kiongozi wa chama cha Kisoshalisti cha Kushoto (SV).

Sasa sikiliza habari zao zinavyotumiwa. Gazeti huandika “Msomali wa kwanza”, huweka picha ya kijana anayetabasamu, kisha msomaji hufunga ukurasa akiwa ameridhika: kumbe inawezekana, basi wengine ni wavivu. Kijana aliyepanda mlima ili awaonyeshe wenyeji ulivyo mwinuko anageuzwa ushahidi kwamba hakuna mlima. Huo ni udhalimu wa pili, na unanikera kuliko wa kwanza, kwa sababu unamnyang'anya kiongozi yule yale anayoyasema. Wanasiasa hawa na wenzao hawazungumzii mafanikio yao. Wanazungumzia kodi za nyumba, shule za vitongoji, ubaguzi kazini. Na tazama ubaya mwingine: Wasomali wasipopiga kura, wanaambiwa hawashiriki, wakipiga kwa wingi, wanaambiwa wamepiga kura za ukoo.

Mahali ambapo imani hii ilianguka kabisa mbele ya macho ya dunia ni Stockholm, Machi 2020. Chama cha madaktari Waswidi wenye asili ya Kisomali kilitangaza kwamba kati ya watu 15 wa kwanza waliokufa kwa korona jijini humo, 6 walikuwa Wasomali. Wasomali ni sehemu ndogo mno ya wakazi wa jiji lile. Papo hapo maneno yakaanza: ni mila zao, wanarundikana, hawasikii.

Hebu twende karibu. Miongoni mwa walioingiza virusi Uswidi walikuwa watu waliokuwa wakirudi kutoka likizo ya kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps. Msomali wa Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, hakuwa huko. Lakini ndiye aliyekuwa usukani mwa teksi na basi, na dada yake ndiye aliyekuwa akiwalisha na kuwaogesha vikongwe katika makao ya wazee. Kazi hizo hazifanyiki ukiwa nyumbani mbele ya kompyuta. Jioni anarudi kwenye fleti ya Rinkeby au Tensta ambamo nyanya na wajukuu wanatumia sebule moja, kwa sababu fleti kubwa zaidi haipatikani kwa kipato chake. Maelezo ya serikali kuhusu kujikinga yalitoka kwanza kwa Kiswidi, na ya Kisomali yakachelewa. Isitoshe, Kisomali kilipata mwandiko rasmi mwaka 1972 tu. Bibi aliyekulia vijijini kabla ya hapo, akakimbia vita, huenda hakupata darasa la kumfundisha kusoma. Kwake habari huingia kwa masikio. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ingemfaa nini?

Walioziba pengo ni wale madaktari na vijana wa mitaa ile. Walieleza kwa sauti, kwa Kisomali, simu hadi simu, msikiti hadi msikiti. Walibeba mahitaji ya nyumbani na kuyaacha mlangoni mwa wazee ili wasitoke. Vyama vyao, misikiti yao, makundi yao ya simu, yaani vile vile vilivyokuwa vikitajwa kama dalili ya kujitenga, ndivyo vilivyofikisha neno la serikali mahali ambapo serikali haikuweza kufika. Nani aliyekuwa amejitenga siku hiyo? Naona ni ofisi ya serikali iliyowahudumia watu hao kwa zaidi ya miaka ishirini bila kujua wanazungumza vipi.

Katika vitongoji hivyo hivyo kuna jambo jingine ambalo linastahili kusifiwa kuliko linavyosifiwa. Waswidi wana desturi ya wanasiasa kukusanyika Almedalen, katika kisiwa cha Gotland, iliyoanza 1968 mwanasiasa Olof Palme alipohutubia juu ya lori. Ni jambo zuri, ila nauli na malazi ya kisiwani wakati wa kiangazi si ya mtu wa Tensta. Ahmed Abdirahman, mzaliwa wa Somalia aliyelelewa Tensta, akageuza mwelekeo: mwaka 2016 akaanzisha Järvaveckan, wiki ya siasa katika uwanja wa michezo wa Spånga, hapo hapo vitongojini. Viongozi wa vyama wakaanza kuja, kupanda jukwaani na kuulizwa maswali na watu wanaowazungumzia kila siku bila kuzungumza nao. Huo ndio utangamano ninaouelewa mimi, ambamo mwenyeji naye anatoka kwake na kusafiri. Safari yenyewe ni ya treni ya chini ya ardhi, ya dakika chache.

Norwei nayo ina somo lake. Wazazi Wasomali huko hulaumiwa kwamba hawaiamini idara ya ustawi wa watoto, na vijana wa jamii hutumwa kila mara kwenda kuwatuliza. Basi kuna binti mmoja Msomali aliyejifungua Kenya kabla hajatimiza miaka 18, akapata hifadhi Norwei 2010. Mtoto alichukuliwa, akapelekwa kulelewa na familia ya Kikristo ingawa mama aliomba familia ya Kisomali au ya Kiislamu, na hatimaye akaasiliwa na familia hiyo. Desemba 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mbele ya jopo lake kuu, iliamua kwamba Norwei ilikiuka haki ya familia ya mama huyo. Sasa kijana wa Kisomali atakwenda kumwambia nini mzazi mwenye hofu? Hofu ile imethibitishwa na mahakama.

Na Denmaki imeliweka wazi lililokuwa likifichwa. Mwaka 2017, idara yake ya uhamiaji ilikuwa ikipitia upya vibali vya Wasomali, ikiwafutia mamia ukaazi kwa hoja kwamba hali ya nyumbani imetengemaa. Oktoba mwaka huo huo lori la mabomu liliua zaidi ya watu 500 Mogadishu. Mwaka 2018 zikaja sheria za “jamii sambamba”, zinazohesabu katika mtaa wa nyumba za umma ni wakazi wangapi wana asili isiyo ya Magharibi. Wakizidi nusu, na vigezo vingine vikatimia, mtaa unaingia kwenye orodha, na ukidumu humo nyumba za familia za umma hupunguzwa hadi asilimia 40. Gellerup ya Aarhus na Vollsmose ya Odense, ambako Wasomali wengi wamelea watoto, zimepitia humo. Mtoto wa mtaa ulioorodheshwa, tangu anapotimiza mwaka mmoja, lazima apelekwe kulelewa chekechea saa 25 kwa wiki, la sivyo wazazi wako hatarini kupoteza posho. Kisha 2019 bunge likageuza sera ya wakimbizi: lengo likawa kurudi makwao. Huwezi kumwambia mtu achangamane nawe huku umeshamwandikia tarehe ya kuondoka.

Sitaki kuficha yaliyomo ndani ya jamii yenyewe. Ukeketaji upo katika familia za huko, mirungi ilipigwa marufuku lakini inaingizwa, na siasa za ukoo zimeua vyama vingi vizuri. Lakini nani anayapiga vita mambo haya kwa kudumu? Ni wale wale. Ujuni Ahmed wa Helsinki amepambania haki za wasichana wa jamii yake, akiwaudhi wazee upande mmoja na kukataa kutumiwa na wabaguzi upande wa pili. Hiyo ni kazi ya kuchosha roho, na hakuna ofisi ya serikali ambayo ingeiweza.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu kwa damu. Baadhi ya vijana hao au wazazi wao walipitia Dadaab na Eastleigh. Kiswahili chao ni cha mitaa ya Nairobi, na Wabarawa miongoni mwao wana Kiswahili chao cha jadi, Chimiini. Nasi tumewatendea yale yale. Aprili 2014 maelfu ya Wasomali, wakiwemo raia wa Kenya wenye vitambulisho, walikusanywa katika msako wa Eastleigh na wengine kuzuiliwa uwanjani Kasarani ili wathibitishe kwamba ni wa hapa. Anayeshangilia msemo wa “hawachangamani” akiwa Nairobi anajua vizuri unaishia wapi.

Basi tuache kuwauliza vijana hawa lini watachangamana, tuwaulize wenye bajeti. Manispaa za Helsinki, Oslo, Stockholm na Aarhus hutegemea vyama vya vijana kutafsiri, kusuluhisha na kutuliza mtaa usiku wa fujo, kisha huvilipa kwa ruzuku ya mradi ambayo huisha kabla kijana hajazoeleka. Wapewe ajira za kudumu kwa kazi wanayoifanya tayari. Maombi ya kazi katika ofisi za umma yasomwe bila majina, na waajiri binafsi wanaopata zabuni za serikali walazimishwe kufanya hivyo hivyo. Na maelezo ya afya yatolewe kwa Kisomali, kwa sauti, siku ile ile yanapotolewa kwa lugha ya wenyeji.