Nyanya Safi Huanzia Kwenye Mbegu

Ni vyakula vichache sana vya mjini ambavyo upishi wake hauanzi kwa kitunguu na nyanya. Iwe ni sukuma wiki ya jioni, ndengu, mchuzi wa nyama au kachumbari ya kuandamana na nyama choma, nyanya haikosi. Kwa sababu hiyo, chochote kilicho juu ya nyanya au ndani yake huingia katika mwili wa kila mtu wa nyumba, kuanzia babu hadi mtoto aliyeanza kula juzi.

Hebu tujiulize jinsi tunavyoichagua. Tukifika kwa mama mboga, twaibonyeza kwa kidole gumba. Twataka iwe kubwa, nyekundu, ngumu na isiyo na doa hata moja. Ile iliyotobolewa kidogo na mdudu, au yenye alama begani, twaitupa kando kwa dharau. Wengi wetu tunaamini kwamba nyanya isiyo na doa ndiyo yenye afya. Maoni yangu ni kwamba imani hii inatudhuru. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maswali ya kwanza kuhusu nyanya yanafaa kuwa mawili: ni mbegu ya aina gani, na ilipigwa dawa lini?

Kwanza tukubaliane kwamba nyanya yenyewe ni chakula chema. Karibu asilimia 95 ya nyanya mbichi ni maji. Katika gramu 100 mna kalori 18 hivi na takriban miligramu 14 za vitamini C, pamoja na madini ya potasiamu yanayosaidia moyo na misuli. Wekundu wake hutokana na kiini kiitwacho laikopini, ambacho mwili hukipata vizuri zaidi nyanya inapopikwa kwa mafuta kidogo. Mwaka wa 1995 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanaume waliokula nyanya kwa wingi hawakupatwa sana na saratani ya tezi kibofu. Hata hivyo, mwaka wa 2005 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilisema kwamba ushahidi wa jambo hilo ulikuwa mdogo sana. Kwa hivyo nyanya si dawa ya saratani, bali ni chakula kizuri kinachostahili kuliwa kila siku. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka iwe safi.

Sasa tuondoke jikoni twende shambani. Ruiri ni eneo lililoko kwenye mteremko unaoshuka kutoka upande wa Meru kuelekea Isiolo. Ukiwa Meru mjini utaona migomba, michai na ukungu wa asubuhi. Ukiteremka hadi Ruiri jua huwa kali, mvua huwa haba, na mkulima hutegemea maji yanayotoka upande wa juu wa mlima ili kumwagilia mimea yake. Mahali kama hapa panafaa nyanya kwa jambo moja kubwa: hewa kavu haiupendezi ugonjwa wa bakajani chelewa, ule ambao huweza kuunguza shamba zima kwa siku chache penye baridi na unyevu. Mkulima wa Kibirichia au Timau anaujua vyema.

Lakini ukavu una maadui wake. Palipo joto ndipo huzaana inzi weupe, ambao hueneza virusi vya kukunja majani na kuyageuza manjano. Palipo vumbi ndipo hustawi utitiri mwekundu. Na tangu mwaka wa 2014 Kenya imekuwa na mgeni mbaya zaidi, nondo aitwaye Tuta absoluta. Alitoka Amerika Kusini, akaingia Uhispania mwaka wa 2006, kisha akashuka Afrika. Watanzania wamempa jina la kantangaze. Viwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haiwafikii kwa urahisi.

Hapa ndipo uchaguzi wa mbegu unapokuwa jambo la afya. Mkulima akipanda aina isiyoweza kustahimili maradhi ya kwao, atabaki na njia moja tu ya kuokoa mali yake: bomba la dawa mgongoni, wiki baada ya wiki, pengine hadi usiku wa kuamkia siku ya kuvuna. Akipanda aina inayostahimili, atapunguza safari hizo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nami naongeza kwamba mchagua mbegu ndiye mkulima.

Tuzitazame baadhi ya aina zilizozoeleka. Money Maker ni ya asili ya Uingereza. Hurefuka, huhitaji kusimikiwa vijiti, na tunda lake ni laini na tamu. Inafaa sana bustani ya nyumbani, lakini ngozi yake nyembamba haipendi safari ya lori, na bakajani huishambulia upesi. Cal J na Rio Grande ni fupi, hazihitaji vijiti vingi, na matunda yake ni magumu yenye nyama nene. Hizi zinaweza kutoka Meru hadi soko la Marikiti jijini Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, bila kugeuka uji ndani ya kreti. Roma asili yake ni Marekani, ambako ilizalishwa Beltsville katika miaka ya 1950. Toleo lake la Roma VF limekuwa likipandwa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Tanzania nayo ilitoa aina za Tanya na Tengeru 97 mwaka wa 1997, kutoka kituo cha utafiti cha Tengeru karibu na Arusha. Siku hizi kuna chotara nyingi: Anna F1 iliyopata umaarufu katika vibanda vya plastiki, na Assila F1 ambayo hupendwa kwa kustahimili virusi vya kukunja majani.

Herufi zinazofuata majina hayo si mapambo. V humaanisha kwamba mmea unastahimili mnyauko wa Verticillium, F mnyauko wa Fusarium, na N minyoo fundo wanaovimbisha mizizi. TYLCV ni vile virusi vya inzi weupe. F1 maana yake ni chotara wa kizazi cha kwanza, na mbegu zake hazifai kuhifadhiwa kwa ajili ya kupanda tena kwa kuwa watoto hawatafanana na mama. Mkulima wa Ruiri anayesoma TYLCV na N kwenye pakiti huwa amenunua kinga kabla ya kununua dawa. Na kinga, kama tujuavyo, ni bora kuliko tiba.

Isidhaniwe kwamba mbegu peke yake humaliza kazi. Dhidi ya kantangaze hakuna aina ya sokoni ya kutegemewa. Humo mkulima hana budi kutumia mitego ya harufu inayowavuta nondo dume, kung'oa na kuteketeza majani yaliyochimbwa, kutumia neti inapowezekana, na kuacha kupanda nyanya juu ya nyanya, au baada ya viazi, biringanya na pilipili, ambazo ni ndugu zake. Lakini mbegu inayofaa ndiyo msingi. Bila hiyo mengine yote huwa ni kuzima moto.

Je, dawa hizi zina madhara gani kwa mlaji? Pengine umewahi kuona nyanya sokoni zikiwa na utando mweupe au wa manjano, kama zilizopakwa unga. Mara nyingi hayo ni mabaki ya dawa ya ukungu. Mojawapo iliyotumika sana ni mancozeb. Dawa hii inapopashwa moto huzaa kemikali ambayo imeonekana kuvuruga tezi ya thairoidi, ile iliyoko shingoni, katika wanyama wa maabara. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoongeza muda wa kibali chake. Nyingine ni zile dawa zinazofyonzwa na mmea hadi ndani ya tunda. Hizo hata uoshe vipi hazitoki zote. Ndiyo maana kila dawa huwa na siku zake za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna. Idadi ya siku hizo imeandikwa kwenye kibandiko, na dawa moja hutofautiana na nyingine. Anayevuna kabla ya siku hizo kutimia huwa anamuuzia jirani yake sumu iliyokopeshwa. Na anayeumia wa kwanza si mlaji, bali ni yule kijana anayenyunyiza bila glavu wala kifuniko cha pua.

Mkulima naye ana hoja. Mbegu za chotara ni ghali mara nyingi kuliko zile za kawaida. Bei ya nyanya hupanda na kushuka ghafla, hivi kwamba anayengoja wiki moja ili dawa ipungue huenda akakuta soko limeanguka. Tena ni sisi wa mjini tunaokataa nyanya yenye doa. Tunamlipa kwa sura, naye anatuletea sura. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kuna jambo linaloonyesha kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti. Mkoa huu wa Mlima Kenya hulima maharagwe machanga ya kuuzwa ng'ambo, yale ambayo wakulima huyaita mishiri. Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba asilimia 10 ya shehena za maharagwe hayo kutoka Kenya zipimwe, baada ya kupatikana mabaki ya dawa ya dimethoate kupita kiasi kilichoruhusiwa. Wauzaji wakashtuka, wakulima wakafunzwa, daftari za kunyunyiza zikafunguliwa. Mkulima yule yule aliyeandika tarehe ya kunyunyiza mishiri hakuulizwa na mtu yeyote tarehe ya kunyunyiza nyanya. Je, tumbo la mlaji wa London lina thamani kuliko la mtoto wa Kayole? Kilimo kiligatuliwa kwa serikali za kaunti mwaka wa 2013. Kaunti hutoza ada kwa kila kreti inayoingia sokoni. Ni haki yetu kudai kwamba sehemu ya fedha hizo itumike kupima nyanya chache kila wiki na kutangaza matokeo, na sehemu nyingine kupeleka maafisa wa kilimo mashambani ili wawaeleze wakulima ni aina gani inafaa mahali pao.

Wakati tukingoja hayo, mnunuzi anaweza kuanza leo. Mwulize mama mboga, "Mama, nyanya hizi zimetoka wapi?" Ukimwuliza kila juma, naye atamwuliza aliyemletea. Usiogope nyanya yenye alama ndogo kwenye ngozi, mradi haijaoza wala haijaota ukungu. Ikiwa ina utando wa dawa, iache. Nyumbani, osha nyanya moja moja kwa maji yanayotiririka huku ukizisugua kwa mkono, kabla ya kuzikata na kabla ya kuzitia motoni. Usitumie sabuni. Ondoa sehemu ya kikonyo, ambapo dawa hukusanyika, na kwa kachumbari ya watoto ni vyema kumenya ngozi.

Aliye na roshani au uwanja mdogo wenye jua la saa sita kwa siku anaweza kufanya zaidi. Chukua ndoo kuukuu ya lita 20, itoboe chini, ijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Panda mche mmoja wa Roma VF au Cal J, kwa kuwa ni fupi. Ukitaka ladha, panda Money Maker na uipe kijiti kirefu. Mwagilia maji kwenye shina, wala si juu ya majani, na usiruke siku, kwa maana kukauka na kulowa kwa zamu huleta ule ugonjwa wa nyanya kuoza kitako. Baada ya miezi mitatu hivi tangu kuhamisha mche utaanza kuchuma. Hutajitosheleza kwa nyanya za mwaka mzima, lakini utajifunza jambo ambalo soko halifunzi: nyanya iliyokua bila sumu mara nyingi huwa na kovu dogo mahali fulani.

Kovu hilo tulizoee. Siku ambayo mnunuzi wa mjini atalipia nyanya ya Ruiri kwa usalama wake badala ya mng'aro wake, mkulima atapata sababu ya kununua pakiti ya mbegu bora badala ya chupa nyingine ya dawa. Afya ya mezani kwetu inaanzia katika uamuzi huo wa dukani kwa muuza mbegu, nasi tuna sauti ndani yake kila tunapofungua kibeti.