Habari za Mwalimu Mgonjwa Zipitie kwa Nani?

Mwezi huu tunaiweka kando kidogo habari ya lishe ya watoto tuliyoahidi kuiendeleza. Wapo akina mama wa kamati ya wazazi ya shule moja ya msingi waliotuletea swali ambalo tumeona lisisubiri. Shule yao ina walimu wastaafu wanne wanaougua. Mmoja alipatwa na kiharusi miezi miwili iliyopita. Mwalimu wa kike aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wa tatu amepasuliwa jicho kuondoa mtoto wa jicho. Wa nne anaumwa, lakini hakuna ajuaye anaumwa nini. Watoto wa shule wanauliza habari zao, walimu waliopo wanauliza, na waliosoma zamani ambao sasa wako mbali wanauliza kuliko wote. Huyu anasikia mwalimu wa kiharusi anatembea, yule anasikia hajitambui. Nani awape watu habari, na aseme nini?

Tuanze na huyo wa nne, maana akina mama hao walituomba pia tuwaelekeze namna ya kuujua ugonjwa wake. Hapo hatutawasaidia. Mtu mzima anayenyamaza kuhusu ugonjwa wake ana sababu, na si lazima iwe ile ambayo majirani wanaifikiria. Huenda hapendi kuonewa huruma. Huenda bado hajawaambia watoto wake. Tangazo lake liwe fupi: mwalimu yuko nyumbani kwake, anawasalimu. Na hata hizo salamu, aulizwe kwanza kama zitolewe.

Sisi wauguzi tunafundishwa mapema sana, kabla hata ya kushika sindano, kwamba tunayoyaona wodini hayatoki wodini. Watu hudhani siri hiyo ni ya daktari na muuguzi tu. Lakini mama wa kanisa aliyekwenda kuomba na mgonjwa, na mwalimu mkuu aliyepigiwa simu na familia, nao wamewekewa amana. Siku hizi hata sheria imeingia. Kenya walitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Basi shule isijione kama jirani anayeongea dirishani.

Twajua kwa mwalimu mambo ni magumu zaidi. Mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60 anaweza kuwa amemfundisha mama, kisha akamfundisha binti wa mama huyo, na kila mmoja anasema "mwalimu wangu". Mwaka 1999 Watanzania walilionja jambo hili nchi nzima. Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha Tabora na Pugu, alilazwa London katika hospitali ya St Thomas' akiugua saratani ya damu, na huku nyumbani watu walitega masikio redioni. Alifariki tarehe 14 Oktoba, na aliyewatangazia wananchi ni Rais Mkapa mwenyewe. Habari kubwa namna ile ilitaka sauti moja inayojulikana. Shule ya kijijini nayo inahitaji sauti moja, ingawa habari yake ni ndogo.

Tumeona yanayotokea sauti hiyo inapokosekana. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hatutataja alikolazwa wala shule yake, alihamishwa usiku kutoka wodi moja kwenda nyingine. Asubuhi mtu aliyekuja kumwona akakuta kitanda kitupu na shuka zimeondolewa. Hakuuliza. Kabla ya saa nne, kundi la WhatsApp la wanafunzi wake wa zamani lilikuwa limejaa "pumzika kwa amani", na shuleni watoto wamesimama mstarini kimya kwa dakika moja. Binti yake alikuwa sokoni akichagua ndizi za kumpikia baba alipopigiwa simu ya rambirambi. Alifika wodini mbio, mguu mmoja hauna kiatu, akamkuta baba yake amekaa anakunywa chai. Mwalimu mwenyewe alicheka. Binti ndiye tuliyelazimika kumkalisha na kumpima shinikizo la damu. Hatukumsikia mtu aliyekuja kuomba radhi.

Kwa hiyo akina mama, chagueni mjumbe mmoja, na familia imkubali. Si lazima awe mwalimu mkuu, maana ana mengi. Na asiwe yule apendaye kuwa wa kwanza kujua. Mnamfahamu, kila mtaa unaye. Mara nyingi anayefaa ni mwalimu mwenzake mstaafu, au mama jirani anayeweza kukaa na neno. Upande wa familia nako awepo msemaji mmoja, kwani zipo nyumba ambamo kaka anasema hili na wifi anasema lile. Wawili hawa wapange siku, tuseme kila Ijumaa, na maulizo yote yaelekezwe kwa mjumbe. Mke anayemgeuza mumewe kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda hana mkono wa tatu wa kupokea simu thelathini.

Kabla ya kutoa tangazo, mjumbe amsomee mwalimu mwenyewe. Ndiyo, hata yule wa kiharusi asiyeweza kusema. Kiharusi kikishika upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi mkono na mguu wa kulia hulegea, na maneno nayo huharibika. Wapo wanaoelewa karibu kila kitu lakini ulimi haupati neno, au neno litokalo silo lililokusudiwa. Mtu huyu si kiziwi wala hajarudi kuwa mtoto. Zimeni redio, ongeeni mmoja mmoja, msomeeni sentensi moja moja, muulizeni maswali ya ndiyo au hapana, kisha mumpe muda. Atatikisa kichwa, au atawabana mkono. Tumeshamwona mwalimu asiyeweza kutamka jina lake akigonga karatasi kwa kidole mpaka tangazo likasahihishwa. Wapo pia ambao kuelewa kwenyewe kumepungua, na hapo familia ndiyo iamue kwa niaba yake.

Tangazo lenyewe lisiishie kwenye "anaendelea vizuri". Maneno haya husemwa sana mlangoni mwa wodi na hayamwambii mtu chochote. Mwanafunzi wa zamani aliye mbali akiyasoma wiki nne mfululizo anaamini mwalimu yuko shambani analima. Akija kusikia kwamba mwalimu amerudishwa hospitali, anadhani alidanganywa. Semeni mgonjwa anaweza nini sasa ambacho wiki iliyopita hakuweza, na nini bado. Akirudi nyuma, kama familia imeruhusu, semeni amerudi nyuma. Tumewaandikia mfano:

"Mwalimu wetu wa hesabu yuko nyumbani tangu Jumanne. Anakaa kitini nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mguu umeanza kupata nguvu, mkono wa kulia bado. Anatuelewa, ila kusema bado kunamsumbua. Anapenda kuonwa na watu wawili wawili, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa Jumatano, siku ya mazoezi yake. Tafadhali msilete chakula. Kinachohitajika ni sabuni ya kufulia na kijana wa kuchota maji Jumamosi. Mwenye swali amwone mjumbe wetu."

Mtaona hamna jina la dawa wala majibu ya vipimo. Picha pia hamna. Mwalimu aliyekuwa akiingia darasani na shati lililopigwa pasi hakutuomba tumpige picha ana mpira puani na fulana ya kulalia. Siku akinyolewa, akavaa, akakaa barazani na kukubali kupigwa picha, basi hiyo itumeni mpaka Canada.

Kuhusu chakula hatuna budi kueleza, maana akina mama tunaumia tukikatazwa kwenda na chungu. Mtu aliyepata kiharusi, hasa siku na wiki za mwanzo, aweza kuwa na shida ya kumeza. Uji unaweza kuteremkia njia ya hewa, na mara nyingine hata hakohoi, kisha baada ya muda anapata nimonia. Aliyeonyeshwa na wauguzi namna ya kumlisha, amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, ndiye amlishe. Yule mama wa nyonga habari yake ni nyingine, maana yeye kumeza hakumsumbui. Mpelekeeni maziwa, mayai, maharage na dagaa. Mfupa unataka kujengwa, na wazee waliolala hupoteza hamu ya kula.

Mgeni naye afundishwe kidogo. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi kilichotoka Uingereza mwaka 1859, alitenga sura nzima kuwasema marafiki wanaomlundikia mgonjwa matumaini matupu na mashauri ambayo hakuyaomba. Angefika kwetu angeongeza sura ya "Mwalimu, unanikumbuka mimi ni nani?" Jamani! Mzee huyu alifundisha maelfu. Ubongo wake umeumia, na ninyi mnamfungulia chumba cha mtihani. Semeni wenyewe: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Fulani, nilikaa dawati la mbele mwaka 1988, ulinifundisha kugawanya." Kisha kaeni kimya naye. Dakika kumi na tano zinatosha.

Kinachotutia wasiwasi zaidi katika matangazo ya shule na makanisa ni kwamba yanakoma mapema. Wiki ya kwanza kila mtu yumo. Wiki ya tatu mjumbe anaandika mistari miwili. Mwezi wa pili kimya, na watu wanachukulia kwamba ama amepona ama hataamka. Kumbe ndipo kazi inapofanyika. Baada ya kiharusi nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha inaendelea polepole kwa miezi mingi, na kwa wengine miaka. Mama wa nyonga huenda akasimamishwa siku ya pili tu baada ya kupasuliwa, lakini kutembea hadi kanisani bila kushikwa kwaweza kuchukua miezi. Na usiku kuna jambo jingine lisiloonekana. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na huzuni kubwa ya moyo, ile inayomfanya aukatae mkono wa mtu wa mazoezi na kugeukia ukutani. Huo ni ugonjwa, unatibika, na daktari aambiwe. Lakini mwalimu aliyezoea kelele za watoto arobaini, anayekaa sasa miezi miwili bila kusikia hodi, amepungukiwa na kitu ambacho hakiuzwi duka la dawa. Mjumbe aandike mapema kwenye daftari lake tarehe za mwezi wa tatu, wa sita na wa mwaka mzima, na tangazo litoke siku hizo hata kama jipya ni dogo: amefunga kifungo mwenyewe.

Habari zipelekwe na upande wa pili pia. Mwalimu apelekewe habari za shule: nani kafaulu, mwembe upi umekatwa, darasa lipi limeezekwa. Watoto wa darasa la nne waandike barua fupi kwa herufi kubwa, na zipelekwe tano kwa wiki, zisimwagwe hamsini siku moja. Mwalimu wa mtoto wa jicho asipewe za kusoma sana kwanza. Atakuwa anatia dawa ya matone kwa wiki kadhaa, na huenda akahitaji miwani mipya jicho likitulia. Mjukuu amsomee. Msimtanie kuinua gunia wala kuinama kuokota kuni, na ajihadhari na moshi wa jikoni mpaka daktari amruhusu.

Mmetuuliza na michango. Ni kwa hiari ya familia. Namba ya simu ya kupokelea iwe moja, yenye jina linalojulikana, na daftari lishikwe na watu wawili. Tangazo la fedha litoke peke yake, mbali na lile la afya. Wapo wasiokuwa na shilingi ambao wataacha kusoma habari za mwalimu wao wakiona kila mara zinamalizika na namba ya kutuma pesa, na hao ndio pengine wanaoweza kuchota maji.

Akina mama wa kamati, andikeni tena mtuambie imekuwaje, hasa huyo mwalimu wa hesabu. Kama mtaalamu wa mazoezi anaweza kumfikia mara moja tu kwa mwezi, tutawaandikia namna familia inavyoweza kumnyoosha mkono na vidole bila kumvuta bega. Bega la upande uliolegea huumia upesi sana mgonjwa akiinuliwa kwa kushikwa kwapani, hivyo hilo acheni kuanzia leo. Lishe ya watoto tutairudia mwezi ujao, Mungu akipenda.