Wafu wa Georgetown na diwani wetu

SHAMBA NA KURA
Na Hamisi Ngalema

Kampeni zikianza, kila mgombea wetu ni mtoto wa mkulima. Anapigwa picha na jembe, kisha jembe linarudi stoo. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani aliyefariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100, alishika jembe kabla ya siasa. Baba yake alipofariki mwaka 1953 aliacha jeshi la wanamaji, akarudi Plains, mji mdogo wa Georgia, kulima karanga. Mwaka uliofuata ukame ulimnyoosha. Akaingia bodi ya shule ya kaunti, na mwaka 1962 akagombea useneta wa jimbo. Si ule wa Washington. Huu vikao vyake ni Atlanta.

Kule Georgetown, kaunti ya Quitman katika eneo alilogombea, bosi wa chama aliwasimamia watu wakiandika kura machoni pake. Waliopewa karatasi walikuwa 333. Sandukuni zikakutwa kura 420. Zaidi ya wapigakura mia moja waliorodheshwa kwa mfuatano wa alfabeti, utadhani walipangana foleni kwa majina! Baadhi yao walikuwa makaburini. Carter akaambiwa kashindwa kwa kura 139.

Hakukubali. Alipita nyumba kwa nyumba kukusanya ushahidi, mwandishi John Pennington akaanika mambo gazetini, wakili Charles Kirbo akasimamia kesi. Sanduku likafunguliwa, kura za Georgetown zikatupwa, Carter akapata kiti. Tuseme na hili: Weusi wengi wa eneo lile walikuwa bado wamezuiwa kupiga kura, kwa hiyo haki iliyopatikana ilikuwa nusu.

Mkulima aliyewahi kulazimishwa kuuza lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, anaelewa kwa nini Carter alitaka kuona kura zikihesabiwa upya. Baadaye taasisi yake ilitazama chaguzi nchi nyingi, Kenya ya 2002 ikiwemo. Lakini macho ya watazamaji, na yetu waandishi, huganda kwenye urais. Kata inaachwa na mawakala wawili watatu wenye njaa.

Akidhulumiwa, diwani aende mahakamani, tunasema. Kwa jirani zetu Kenya, kupinga matokeo ya mwakilishi wa wadi kunataka dhamana ya shilingi 100,000, na wakili hajalipwa bado. Mwenye ekari mbili za mahindi atazitoa wapi? Carter alikuwa na ghala la karanga.