Wacheni Kutuambia "Ni Kichwa Tu"

Kuna maneno nimeyasikia Elwak tangu nikiwa mtoto na sasa nimechoka nayo: "Ni kichwa tu." Msichana amelala gizani mchana kutwa, ameziba dirisha na shuka, harufu ya unsi inamtapisha, halafu mtu anapita mlangoni anasema ni kichwa tu. Ni jua. Ni simu. Anakwepa kazi. Wengine watasema ni jicho la watu.

Wasee, hicho ni kipandauso. Zaidi ya watu bilioni moja duniani wanacho, na wanawake ndio wengi zaidi. Ni ugonjwa wa ubongo, na shambulio moja linaweza kukaa saa 4 au hata siku 3. Si uvivu.

Lakini leo sitaki kulia juu ya maumivu. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho huku watu hawakitaji: kipandauso, moyo na kiharusi.

Si mnajua ile hali ya kuona vimulimuli kabla kichwa hakijaanza? Mistari ya kupinda-pinda inang'aa, kipande cha unachoangalia kinakuwa kama kimefutwa, vidole vinakufa ganzi, kwa dakika 5 hadi 60. Madaktari wanaiita aura. Mimi naipata tangu kidato cha pili. Mtu mwenye aura, hatari yake ya kupata kiharusi cha damu kuganda ni kama mara mbili ya mtu asiye na kipandauso. Na mwaka 2016, jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofuata wauguzi wa kike zaidi ya 115,000 wa Marekani kwa miaka zaidi ya 20. Walipoanza walikuwa na umri wa miaka 25 hadi 42, yaani si nyanya zetu. Wenye kipandauso walipata magonjwa makubwa ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwemo, kwa asilimia 50 hivi zaidi ya wenzao.

Sasa kabla uanze kuandika wasia, tulia. Kitu kidogo ukikizidisha mara mbili bado ni kidogo. Kijana wa miaka 20 kupata kiharusi ni nadra, hata akiwa na aura. Wale wa kutengeneza video za kutisha watu kwamba kila kichwa ni kiharusi wanatupoteza vile vile. Hasira yangu ni kwa vitu tunavyorundika juu ya hiyo hatari.

Sigara na shisha kwanza. Shisha ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na mnajua wenyewe inavutwa wapi. Moshi juu ya aura ni kumwaga petroli kwa jiko.

Halafu miraa. Ati "tafuna kidogo kitaisha." Buda, miraa inapandisha presha na mapigo ya moyo, na inakunyima usingizi. Kukosa usingizi huamsha kipandauso. Umelipa pesa yako kununua shambulio la kesho.

Dawa za maumivu nazo: ukizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, zenyewe zinaanza kukuletea kichwa. Nani dukani amewahi kukuuliza za wiki jana ziliisha lini?

Na hapa wengine watanikasirikia, lakini nitasema. Wasichana wetu wanameza vidonge vya kupanga uzazi kimya kimya. Wengine wameolewa, wengine walipewa kurekebisha hedhi. Vile vyenye estrojeni, Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye aura asitumie, sababu ni kiharusi. Ziko njia zisizo na estrojeni. Lakini nani atakuuliza kuhusu vimulimuli kama umemtuma binamu yako na karatasi iliyokunjwa? Aibu haijawahi kuzuia damu kuganda.

Najua mtaniambia Elwak si Nairobi, daktari wa ubongo yuko mbali. Kweli kabisa, na ndiyo maana napiga kelele. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa iingie mwilini ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kianze. Hesabu mwenyewe barabara ya kutoka hapa hadi Mandera au Wajir, na bado hujapigwa picha ya ubongo. Mtu wa karibu na hospitali kubwa anaweza kubahatisha. Sisi hatuwezi.

Kwa hivyo abaayo, walalo: pima presha yako, hata kama una miaka 19. Andika siku ambazo kichwa kilikuja na ulimeza nini. Ukifika kwa daktari usiseme tu "kichwa", mwambie kuhusu vimulimuli. Na uso ukishuka upande mmoja, mkono ukikataa kuinuka au maneno yakichanganyika ghafla, usingoje kipite. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Na wewe mwenye duka la dawa, maswali mawili tu kabla upokee pesa: unaona vimulimuli? Unameza vidonge vingine? Hayakugharimu hata shilingi.

Ukisikia tena mtu akisema "ni kichwa tu", mtumie hii. Kichwa ndicho kinabeba ubongo, manze. Hakuna cha "tu" hapo.