Simba ya Kolwezi: ekipe inatafuta baba kwenye muji wa shaba

Siku Simba inacheza pale uwanja wa Manika, hata mama anayeuza mikate kando ya barabara anajua matokeo kabla ya filimbi ya mwisho. Kamikaze wa Kolwezi, njo jina wasuporta wanawaita, wamecheza daraja la kwanza la inchi, wakapambana na TP Mazembe na Lupopo. Blessing, ekipe nyingine ya muji, ilifika pia kule juu. Lakini kila musimu swali linarudi lile lile: nani analipa basi, nani analipa tiketi za ndege, nani analipa mishahara ya wachezaji?

Kujibu swali hilo, lazima kurudi nyuma kidogo. Katika Katanga, karibu kila ekipe ilizaliwa na baba wake. Mwaka 1939, mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walianzisha Saint-Georges, ekipe ya wanafunzi wao. Mwaka ule ule watu wa reli wakaanzisha Saint-Éloi, kwa jina la mtakatifu wa wahunzi. Leo njo Lupopo. Likasi kuna Panda, jina la cité ya wafanyakazi. Saint-Georges yenyewe ilibadilisha majina mara nyingi: ikawa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la matairi ya gari. Mwaka 1966 ilipomaliza shampiona bila kushindwa, ikaongezwa «Tout Puissant». Ilibeba kombe la Afrika 1967 na 1968 ikiwa bado na jina la matairi kifuani, na wakati wa Mobutu njo ikawa Mazembe. Mwenye kulipa alibadilika, na jina likamfuata.

Union Minière ilifahamu mapema kazi ya mpira. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwakalisha wafanyakazi na bibi zao na watoto katika kambi, badala ya kuwarudisha kijijini kila kontra ikiisha. Walipewa nyumba, hospitali, shule, mposho, na kiwanja. Mfanyakazi mwenye kuwaza mechi ya siku ya Mungu hawazi sana mambo ya mshahara. Ila mwezi wa 12 mwaka 1941 mshahara uliwazwa kweli. Wafanyakazi wa Lubumbashi waligoma, wakakusanyika palepale kwenye kiwanja cha mpira, wakiongozwa na Léonard Mpoyi. Tarehe 9 askari walipiga risasi. Mpoyi alikufa pale, pamoja na makumi ya wengine. Kiwanja kilikuwa cha kampuni, na siku ile kila mutu alikiona hivyo.

Serikali ilichukua Union Minière mwaka 1967, na baadaye ikawa Gécamines. Kolwezi wakati huo ilikuwa moyo wa kazi yote: Kamoto, Musonoie, Dikuluwe. Vita vya 1978 vilipita na vikaacha maiti, lakini kazi ilirudi, na katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Wazee wa Manika wanaikumbuka ile kama siku za kushiba. Kampuni ilikuwa baba na mama, ya wafanyakazi na ya mpira pia.

Kisha baba akaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwezi wa 9 mwaka 1990. Miaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa, na Kolwezi ikapoteza mafundi, walimu na majirani wake. Ni ukurasa muji bado hauzungumzi wazi. Uzalishaji ulishuka mpaka chini ya tani 40,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia, wakapewa pesa mara moja na kwaheri. Kampuni isiyolipa watu wake haiwezi kununulia ekipe viatu.

Mahali pa kampuni wakaingia wakubwa. Moïse Katumbi alichukua Mazembe mwaka 1997, akaipeleka mpaka fainali ya kombe la dunia la vilabu 2010 mbele ya Inter Milan. Kazi kubwa, hakuna wa kukataa. Lupopo ilipata nguvu mpya gavana wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula, alipokuwa prezidan wake. Bazano inabeba jina la kundi la biashara kabisa. Mpango huu una faida, kwa sababu mkubwa analipa leo, hangoji kikao. Ubaya wake ni kwamba ekipe inasimama na kuanguka pamoja na siasa na biashara ya mutu mmoja. Na shampiona yenyewe haina mfuko wa kumsaidia anayebaki bila mkubwa: musimu wa 2022-2023 ulisimama njiani kwa kukosa pesa, bila bingwa.

Mbali na hapa, Thailand, kuna mfano wa kuangalia. Ekipe ya kampuni ya umeme ya serikali ilichukua shampiona mwaka 2008, ikikaa Ayutthaya. Mwaka uliofuata mwanasiasa Newin Chidchob aliipata, akaihamisha mpaka jimbo lake la Buriram, akajenga uwanja mkubwa. Mwaka 2011 ilikuwa bingwa tena. Buriram, jimbo la wakulima, likajulikana Asia nzima. Ayutthaya ilibaki inaangalia bingwa wake wa jana anacheza kwa wengine. Mutu wa Kolwezi anaweza kucheka, lakini ajiulize: kama mwenye pesa akitaka kesho kupeleka Simba Lubumbashi, nani ana karatasi ya kumzuia?

Tofauti ni kwamba Kolwezi leo ina njia ambayo wazee hawakuwa nayo. Kodi ya madini katika sheria ya 2018 inagawanywa hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komine au sekta ambamo mgodi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Kwa kila dola milioni moja ya kodi hiyo, 150,000 ni za wenyeji wa chini kabisa, kama Manika na Dilala. Na mwaka ule ule kobalti ilitangazwa kuwa madini ya pekee, kodi yake ikapanda mpaka 10%. Tena kila kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Mauzo ya dola miliari moja yanatoa milioni tatu.

Pesa hizo si za mpira kwanza. Maji, shule na hospitali vinapita mbele, na mutu akisema kinyume anadanganya. Lakini kiwanja cha mtaa hakihitaji mamilioni. Hitaji kubwa zaidi ni ardhi, na ardhi inapungua. Kasulo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao mpaka mtaa ukageuka mashimo. Cité Gécamines, familia zinaondoka kwa sababu mgodi wa COMMUS unapanuka. Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi waliandika hayo mwezi wa 9 mwaka 2023. Mtaa ukihama, ekipe yake ya watoto inavunjika, na Simba inapoteza wachezaji wa kesho, maana hawaanguki kutoka mbinguni.

Kila kampuni inatia saini kwenye daftari la majukumu na jamii, na wajumbe wa mitaa wanakaa kwenye meza ile. Kwa kawaida wanazungumzia visima, madarasa na dawa. Wasuporta wanaojaza Manika hawajulikani kule kama kundi: hawana kadi za uanachama, hawana mjumbe, na hesabu za ekipe hazijabandikwa ukutani wazisome. Kuandika majina yao, na kuomba viwanja viwili au vitatu viwekewe mipaka kabla kampuni haijafika, ni kazi ya karatasi na kalamu. Hata bila mkubwa inaweza kuanza.